VIOO VINALIA KILA ASUBUHI: WALE WAWILI WA GARI-NYUMBA WAACHE KUTUDANGANYA

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Huo upo, utakuja kesho. Leo nimekuja nimevimba, na nikimaliza hii posti najua kuna watu wataniblock. Poa tu.

Mnawajua hao ninaotaka kuwasema. Majina sitaji, ukurasa huu hautaji majina, ila nikisema "dada wa Kibongo na mwenzie wanaoishi Ulaya kwenye gari-nyumba" kila mwenye bando keshajua. Lile gari lenye kitanda, jiko, sinki na choo humo humo, jeupe, limejaa vitaa vya kuning'inia kama mti wa Krismasi. Wana wafuasi kuliko baadhi ya wasanii wetu wanaojiita wakubwa.

Video iliyowapaisha ni ile ya dirisha. Nje theluji, ndani dada kavaa sweta jeupe, kashika kikombe cha chai inayofuka, anachora kopa kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu halafu anaandika herufi mbili katikati. Muziki laini kwa nyuma. Nyie mkajaa kule kwenye komenti: "mapenzi ndo haya", "Mungu nione na mimi", "sisi huku tunaungua jua tu". Na mimi niliishea, siwezi kujitoa.

Sasa rudini muiangalie tena, ila safari hii msimwangalie dada. Angalieni chini ya lile kopa. Kuna maji yanatiririka. Yanashuka mpaka kwenye fremu, yanaingia kwenye mto wa kiti. Na kwenye kona ya kushoto kuna madoa meusi, kama mtu kapuliza vumbi la mkaa. Kile sio kivuli jamani. Ile ni kuvu.

Aliyenionyesha ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yuko Uingereza, Bristol, mji ambao watu wanaoishi kwenye magari kandokando ya barabara ni wengi kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Na yeye anaishi kwenye gari-nyumba, ila lake halina vitaa. Ni la zamani, alilinunua alipoona kodi ya chumba inakula zaidi ya nusu ya mshahara wake wa ghalani. Mimi nilimtumia ile video na makopakopa, nikijua atafurahi. Akanijibu mstari mmoja: "Mdogo wangu, huyo anachora kwenye pumzi zake mwenyewe."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia kumbuka daladala siku ya mvua.

Hapo nikaelewa chap. Mvua ya Aprili imeshika, gari limejaa mpaka mlangoni, kila mtu kafunga dirisha asilowe. Dakika tano tu vioo vyote vimeziba, huoni kituo, mtoto anachora picha kwa kidole, dereva anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa kile cheusi na kinaziba tena. Yale maji hayatoki kwenye mvua. Ni sisi. Watu arobaini tunapumua, nguo zimelowa, kioo kimepoa kwa sababu kinapigwa na mvua upande wa nje. Mvuke ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa maji. Ndo hivyo hivyo soda ya baridi inavyotoka jasho mezani, na soda haijavuja popote.

Sasa chukua hiyo daladala, iweke kwenye nyuzi 0, lala humo saa nane, pika humo, chemsha maji humo, anika na chupi humo. Kaka anasema watu wawili wakilala tu, bila kufanya kitu kingine, mpaka asubuhi wanakuwa wametoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa pumzi na ngozi. Nusu lita! Chukua chupa ya maji ya dukani umwage taratibu juu ya godoro lako kila siku, ndo maisha yenyewe hayo.

Kama wangeishia kwenye kopa nisingeandika. Kila mtu anaficha kitu, hata mimi picha yangu ya profaili nyuma kuna kamba ya nguo nimeikata. Shida yangu ni video waliyoiweka baada ya hapo.

Kuna mtu alikomenti "mbona vioo vinalia?" Wakaja na video ya majibu, "dawa tatu za kumaliza maji kwenye vioo". Mmeiona wote. Dawa ya kwanza: ziba matundu yote ya hewa kwa selotepu, kwa sababu eti hewa ya baridi ya nje ndiyo inayoleta unyevu. Dawa ya pili: kabla ya kulala washa jiko la gesi, mafiga yote, nusu saa, "likaushe hewa". Dawa ya tatu: nunua vile vikopo vyenye chumvi ya kunyonya unyevu, linki iko kwenye bio.

Naanza na hiyo ya tatu kwa sababu ndo iliyozaa zile mbili. Vikopo vyenyewe sio utapeli, mle ndani ni kalsiamu kloraidi na kweli inanyonya maji. Lakini inanyonya kidogo kidogo. Kikopo kimoja kinachukua wiki kadhaa kujaa, wakati nyie wawili mnatoa zaidi ya nusu lita kwa usiku mmoja. Kwenye kabati la nguo lililofungwa, sawa, kinasaidia. Kwa gari zima lenye watu wanaolala ni sawa na kukausha sakafu iliyofurika kwa tishu. Ila tishu ina linki kwenye bio, dirisha halina linki. Kufungua dirisha ni bure, hakuna kampuni itakayokulipa uliseme.

Dawa ya pili sasa. Kukausha hewa kwa jiko la gesi. Jamani, hata mimi niliyeishia fomu foo, kemia nilipata D, nakumbuka gesi ikiungua inatoa kaboni dioksaidi na MAJI. Kaka alinipa hesabu: kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua inatoa mvuke wa karibu kilo moja na nusu ya maji. Yani maji yanayotoka ni mazito kuliko gesi iliyoingia, kwa sababu inachukua oksijeni ya humo ndani. Figa moja likiwaka saa moja ni kama umemwaga glasi ya maji hewani. Gari linakuwa la moto, ndiyo, unajisikia vizuri, unavua sweta. Halafu unazima, gari linapoa, na lile glasi lote linaenda kukaa kwenye vioo na nyuma ya kabati na chini ya godoro. Unaamka vioo vinalia kuliko jana. Unasema labda sikuziba vizuri, unaongeza selotepu.

Na hapo ndo tunafika kwenye dawa ya kwanza, ambayo ndo imenifanya nisilale.

Yale matundu kwenye gari-nyumba hayajawekwa na fundi mvivu aliyesahau kuziba. Yako juu na yako chini, kwa makusudi, Ulaya yana mpaka kiwango chake cha ukubwa, kinaitwa EN 721. Ya chini yapo kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na kutokea hapo. Ya juu na ya chini kwa pamoja ndo yanakupa hewa ya kupumua wakati kitu kinawaka ndani. Ukiyaziba halafu ukawasha moto, moto unaanza kukosa oksijeni. Moto ukikosa oksijeni hauungui vizuri, unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Kichwa kinauma kidogo, unahisi kichefuchefu, unaona usingizi mtamu. Unalala. Mwisho wa habari.

Sasa unganisha dawa ya kwanza na ya pili uone wametengeneza nini. Wamewafundisha watu, tena kwa muziki laini, kuziba hewa kisha kuwasha moto kisha kulala.

Kaka yangu aliifuata. Ndio, huyo huyo aliyekuwa ananicheka. Hiyo ilikuwa msimu wa baridi wa kwanza kwake, kabla hajajua kitu, na ushauri wenyewe hakuupata kwa hawa, aliupata kwa mwingine wa aina hiyo hiyo, maana wako wengi wanakopiana. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amechoka, gari limeganda, kaziba matundu kwa selotepu na magazeti, kawasha jiko, kajifunika. Kilichomwamsha ni alamu. Mwenye gari wa zamani alikuwa amegundisha alamu ya kaboni monoksaidi juu ya kabati, kaka hakuwahi hata kuijaribu kama ina betri. Anasema aliisikia kama iko mbali sana, kama ya jirani, na akawa anawaza kwa nini jirani haizimi. Kichwa kizito. Alipofungua mlango alianguka kwenye nyasi na kutapika, amevaa kaptura, nje nyuzi 1.

Hakumwambia mama mkubwa. Mpaka leo hajui. Kaniruhusu niandike kwa sababu mama mkubwa hana simu ya kuingilia huku, na wewe binamu unayesoma hii, ufunge mdomo wako.

Kwa hiyo nilimwuliza, sasa unafanyaje? Maana yuko bado mle mle na baridi ni ile ile. Nikategemea ataniambia mashine fulani ya bei. Akasema, "Nafungua dirisha."

Nilidhani ananitania. Dirisha, na nje kuna theluji? Akasema ndiyo, tundu la paa linakaa wazi vidole viwili usiku kucha na matundu ya chini hayaguswi. Na akanielewesha kitu ambacho wale wawili wamekigeuza kichwa chini miguu juu. Hewa ya baridi haibebi maji mengi, haiwezi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 0, hata ikiwa imeshiba kabisa, ina kama gramu 5 za maji. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba kama 17. Kwa hiyo ile hewa ya nje unayoiogopa, ukiiingiza ndani ukaipasha joto, inageuka kuwa hewa kavu yenye kiu. Inanyonya mvuke wako, inapanda, inatoka nao juu ya paa. Baridi ya nje ndo kikausho chenyewe, tena cha bure, na watu wanakifungia mlango kwa selotepu!

Unapoteza joto? Unapoteza kidogo, hakatai. Ndo maana lazima uwe na moto ambao moshi na mvuke wake hauingii ndani. Yeye alijinyima akanunua hita ya dizeli. Hii inavuta hewa ya kuunguzia kutoka chini ya gari na kutoa moshi huko huko nje kwa bomba, ndani inapuliza hewa ya moto tu. Anaiacha inawaka kidogo kidogo usiku kucha badala ya kuwasha kwa fujo halafu kuzima, kwa sababu kuta zikipoa ghafla ndo zinavuta maji. Na alamu ipo, mpya, anaijaribu kila Jumapili. Hita nayo bomba likitoboka ni habari ile ile.

Halafu kuna kioo cha mbele. Hiki ndo mchawi mkubwa. Madirisha ya pembeni ya gari-nyumba kwa kawaida ni ya plastiki ya tabaka mbili, yanavumilia, lakini kioo cha mbele na vile vya milango ya dereva ni kioo kimoja tu kama gari lolote. Wale wawili wamekiziba kwa ndani na lile pazia la kung'aa kama foili. Kaka alikuwa nalo pia. Asubuhi unalibandua, nyuma yake kioo kimelowa chapachapa, siku nyingine ni barafu kabisa, kwa sababu umekizuia kioo kisipate joto la ndani lakini mvuke unapenya pembeni. Dawa ni kukivalisha koti kwa NJE. Turubai nene lenye sponji, unalifunga juu ya kioo kama unavyofunika pikipiki. Kioo kinabaki na joto la ndani, mvuke haupati pa kukaa. Kweli ukitaka kuondoka asubuhi na mvua unalikunja likiwa limelowa na ni kero, lakini kero hiyo inabaki nje ya kitanda chako.

Mengine ni mambo ya jikoni tu, bibi yako anayajua: sufuria na mfuniko wake, chai ikichemka fungua dirisha la pale pale jikoni, nguo mbichi usianike ndani. Samahani sana kwa ile video ya dada kaanika mashati kwenye vitaa, ilikuwa nzuri kweli, ila yale maji yote ya mashati yameenda wapi? Kwenye godoro. Na godoro usiliweke juu ya ubao mtupu, weka chaga, na kila asubuhi liinue lipigwe na hewa. Kaka alitupa godoro zima mwaka wa kwanza, upande wa chini ulikuwa mweusi na alikuwa anakohoa miezi mitatu akidhani ni baridi.

Na vioo anafuta bado, kila asubuhi, kwa ule mpira kama wa vijana wa kwenye mataa, halafu taulo dogo. Taulo anakamulia NJE. Ukilianika ndani juu ya hita umefanya kazi bure, maji yale yale yanarudi. Kuna mashine za kukausha hewa pia, zile za umeme, zinafanya kazi ila zinataka umeme wa kuchomeka, na mtu aliyepaki kando ya barabara anachomeka wapi?

Sasa najua mnavyokuja kwenye komenti. "Wivu." "Wewe hata pasipoti huna." Ni kweli pasipoti sina. "Wanatafuta riziki kama wewe." Sawa, mimi pia natafuta, na mimi nimewahi kutangaza krimu humu ambayo sikuipaka, mlinisema na mlikuwa na haki. Krimu ilikuwa mbaya. Hii ni mbaya zaidi kwa sababu anayeifuata hapati chunusi.

"Mbona wao hawajafa?" Hii nimeulizwa DM mara tatu. Kaangalieni video yao ya wiki iliyopita, ile ya kupika pilau. Juu ya kichwa cha mwenzie, tundu la paa liko wazi na selotepu haipo popote. Wao wenyewe hawafuati dawa yao! Wamebandika selotepu kwa ajili ya kamera, wakabandua, wakaenda kulala na hewa safi. Anayelala na selotepu ni kijana mwingine huko, mgeni, hajui lugha vizuri, kanunua gari bovu kwa sababu hana pa kwenda, anaamini mtu anayemwambia kwa Kiswahili.

Na kinachoniuma zaidi ni yule dada. Kwenye video za zamani kabla hajawa staa aliwahi kusema kwao ni Njombe. Mtu wa Njombe! Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Julai, ambako kila nyumba mtoto anaambiwa usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Sisi wa Dar tunaweza kusingizia hatujui baridi. Yeye anajua. Jiko la mkaa na jiko la gesi lililofungiwa kwenye boksi la bati ni ndugu wa baba mmoja.

Niliwaandikia DM kwa adabu zote, "dada habari, naomba hiyo video muitoe au muongeze onyo, kuna mtu wangu ilitaka kumwua." Ikasomwa. Kesho yake nikawa nimebloku. Nikaenda kwa akaunti nyingine kwenye komenti, komenti ikafutwa. Komenti za "nipeni linki" ziko zote.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Msiende kuwatukana, msimguse mama yake, msiguse umbo lake. Nendeni mkaandike mstari huu chini ya ile video, hata mkiwa mia: TUNDU LA HEWA HALIZIBWI, JIKO SIO HITA. Wafute mia. Na kama una ndugu, rafiki au eks yuko huko kwenye baridi analala kwenye gari, mtumie hii usiku huu kabla hajalala, muulize alamu yake ina betri.

Nimeingia kuangalia sasa hivi kabla ya kurusha hii. Video bado ipo, na vikopo vimeshushwa bei.